Ramani za Kidijitali kwa Darasa la Mtandaoni: Google Earth, My Maps, uMap, OpenStreetMap au QGIS?

Mto Msimbazi huanzia vilima vya Pugu, hupita Vingunguti na Kigogo, hutanuka pale Jangwani, kisha huingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander jijini Dar es Salaam. Kwa mihula kadhaa nimelifundisha bonde hilo mtandaoni kwa wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, vipindi vya jioni, na kila muhula nimetumia zana nyingine ya ramani kwa somo lile lile na maswali yale yale: maji yanatoka wapi, yanapita wapi, nani amejenga njiani mwake, na mafuriko yakija yatafika hadi wapi. Naiona hiyo kuwa njia ya haki ya kuzilinganisha zana hizi, kwa sababu ukisoma maelezo ya watengenezaji wake kila moja huonekana kuweza kila kitu.

Wanafunzi wangu wengi huingia darasani kwa simu ya mzazi, ambayo hurudi nyumbani jioni pamoja na mwenyewe, chaji ikiwa imebaki kidogo na bando likiwa la kuhesabu. Wachache wana kompyuta mpakato. Kwa hiyo kila zana naipima kwa mambo mawili kabla ya mengine yote: kazi ambayo mwanafunzi ataifanya juu ya ramani, yaani kutazama, kuweka alama, kuchora au kuchanganua, na kifaa alichonacho mkononi siku ya somo. Bei sikuiweka katika vipimo, kwa kuwa zana zote zilizotajwa hapa hupatikana bure kwa kiwango kinachomtosha mwalimu wa kawaida. Kinachogharimu ni bando.

Google Earth na kazi ya kutazama

Google Earth, programu inayoonyesha dunia kwa picha za setilaiti, ilitoka mwaka 2005, baada ya Google kuinunua kampuni ya Keyhole iliyokuwa na programu ya namna hiyo, na tangu mwaka 2017 hufunguka pia ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote. Iko pia Google Earth Pro ya kompyuta, ambayo zamani iliuzwa dola 399 kwa mwaka na ikafanywa ya bure mwaka 2015. Mwalimu asichanganye hizi mbili, kwa sababu mambo mawili yanayonifaa zaidi mimi yamo katika ile ya Pro.

La kwanza ni mwinuko. Katika mtihani wa taifa wa kidato cha nne mwanafunzi hupewa kipande cha ramani ya topografia na kutakiwa kuzisoma kontua zake, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa. Wengi hukariri kwamba kontua zinazochongoka kuelekea mwinuko ni bonde na zinazochongoka kuelekea chini ni mgongo wa mlima, lakini wakiulizwa sababu hunyamaza. Ukiilaza picha ya Google Earth ubavu, ukasimama kana kwamba uko ndani ya bonde ukitazama juu, sababu hiyo huonekana bila maneno mengi. Bonde la Msimbazi, hata hivyo, ni la chini sana kiasi kwamba picha hubaki bapa hata ukiilaza. Ndani ya Pro unaweza kukuza mwinuko hadi mara tatu, nao ukingo wa bonde hujitokeza. Kwa kipindi cha kwanza mimi huanzia Ngorongoro, ambako hakuna haja ya kukuza chochote, ndipo ninarudi Jangwani. Pro pia hutoa mchoro wa mkato wa ardhi kwa kuchora mstari tu, na wanafunzi waliotoka jasho kuuchora mkato huo kwa rula hufurahi kuulinganisha na wao.

La pili ni picha za miaka iliyopita. Ukisogeza kitelezi cha muda juu ya bonde, unaona nyumba zikiongezeka mwaka hadi mwaka karibu na mkondo wa maji. Huduma ya Timelapse hurudi nyuma hadi 1984, na hapo jiji zima huonekana likitanuka kuelekea Kibaha, Kisarawe na Mkuranga. Picha za zamani kiasi hicho si kali, kwa hiyo zinafaa kwa kuonyesha ukuaji wa mji na hazifai kwa kuhesabu nyumba. Wanafunzi pia waambiwe mapema kwamba picha hizi ni za tarehe fulani iliyopita. Kila muhula nampata anayeamini kwamba akikuza vya kutosha atamwona mama yake akianika nguo.

Udhaifu wa Google Earth kwa darasa langu ni uzito. Kila ukigeuza dunia inapakua picha upya, na simu yenye kumbukumbu ndogo huganda. Jioni moja niliwatuma wanafunzi wote waifungue kwa pamoja, na nusu saa baadaye waliobaki kipindini walikuwa wale waliounganishwa na Wi-Fi ya nyumbani. Siku hizi naifungua mimi mwenyewe kwenye Pro. Mchana, nikiwa na intaneti nzuri, hulipitia eneo lote polepole ili picha zihifadhiwe katika akiba ya programu, ambayo hubeba hadi gigabaiti 2, na jioni huonyesha kwa kushiriki skrini au kwa video fupi inayotumwa katika kundi la WhatsApp. Kwa maoni yangu Google Earth ni zana ya mwalimu kuliko ya mwanafunzi, na anayeitegemea kwa kazi za wanafunzi ahakikishe kwanza kwamba wana kompyuta.

My Maps au uMap kwa kuweka alama

Hapa ndipo uchaguzi ni mgumu zaidi, kwa sababu zana hizi mbili hufanya kazi ileile. Mwanafunzi hufungua ramani tupu, huweka alama, huchora mstari wa mto na eneo la mafuriko, huandika maelezo na kupachika picha, kisha hutuma kiungo kwa mwalimu.

My Maps ya Google ilianza mwaka 2007. Uzuri wake ni kwamba sura yake inafahamika: aliyewahi kutafuta njia kwenye Google Maps hapotei. Ramani moja hubeba tabaka 10, na jedwali linaloingizwa lisizidi safu 2,000, kiwango ambacho darasa la sekondari haliwezi kukimaliza. Ubaya ni kwamba lazima uwe na akaunti ya Google ili kuhariri, na programu yake ya simu za Android iliondolewa mwaka 2021. Mwenye simu anaweza kuitazama ramani vizuri, lakini kuihariri ndani ya kivinjari cha simu ni kazi ya kuvumilia. Akaunti nayo ina kikwazo chake: simu ikiwa ya mzazi, akaunti ni ya mzazi, na kazi ya Geografia hukaa pamoja na risiti za mzee na picha za harusi.

uMap ni programu huria inayotumia OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wenyewe, na seva yake inayotumika zaidi huendeshwa na jumuiya ya OpenStreetMap ya Ufaransa. Haidai akaunti. Ukiunda ramani bila kujisajili unapewa kiungo cha siri cha kuhariri, na yeyote mwenye kiungo hicho anaweza kuendelea na kazi kwenye simu yoyote. Kwa wanafunzi wanaoazima simu huu ni msaada mkubwa, ila ukikipoteza kiungo umeipoteza haki ya kuhariri. Kundi moja lilifanya kazi wiki mbili, simu ikafutwa kumbukumbu na fundi, na ramani ikabaki mtandaoni kama picha ukutani, ya kutazamwa tu. Tangu hapo kila kundi hunitumia kiungo cha siri siku ya kwanza, nami nakinakili daftarini.

Ramani ya chini ya uMap ni nyepesi kuliko picha za setilaiti, na unaweza kuchagua mtindo wake. Mimi huchagua mtindo wa misaada ya kibinadamu (Humanitarian), ule unaoonyesha kwa uwazi visima, zahanati na shule, vitu ambavyo mwanafunzi anayezungumzia mafuriko anavihitaji. Ukimaliza, kazi hutoka kama faili la aina ya KML, GPX, CSV au GeoJSON, na hufunguka kwenye zana nyingine zote zilizotajwa hapa. My Maps pia hutoa KML, kwa hiyo aliyeanza na mojawapo hajafungiwa mlango wa nyingine.

Kosa moja hutokea kwenye zana zote mbili, nami nimeligeuza kuwa somo. Wanafunzi hupokea jedwali la maeneo lenye latitudo na longitudo, nao wanaliingiza lilivyo au wanaliandika upya. Dar es Salaam iko karibu na latitudo −6.8 na longitudo 39.3. Anayesahau alama ya kutoa huikuta Vingunguti katika nyanda za juu za Ethiopia. Anayebadilisha nafasi ya namba hizo mbili huikuta Hispania, si mbali na mpaka wa Ureno. Hakuna maelezo ya kusini na kaskazini ya ikweta niliyowahi kuyatoa yaliyokaa kichwani mwa wanafunzi kama alama zile za Ethiopia. Katika My Maps kuna mtego wa ziada, kwa kuwa programu inakubali majina ya mahali badala ya namba na kujitafutia yenyewe. Mwanafunzi wangu aliandika «Kigogo» bila kutaja mkoa, na alama ikaenda kukaa mbali na Dar es Salaam kabisa.

Faragha nayo nilijifunza kwa aibu. Nilipowaagiza wanafunzi waweke alama mahali maji yalipofika mwaka uliopita, binti mmoja aliweka alama juu ya nyumba yao, akaandika «kwetu» na namba ya simu ya mama yake, na kiungo kikasambazwa kwenye makundi matatu kabla sijaiona. Nyumba za wanafunzi hazionyeshwi tena. Tunaweka alama kwenye makutano ya barabara, msikiti, kanisa, soko au kituo cha daladala kilicho karibu. Katika uMap, pia, hakikisha umeziangalia haki za kuhariri kabla ya kutangaza kiungo. Ramani iliyoachwa wazi kwa kila mtu hupoteza alama zake mtu anapoguza pasipostahili, na kila kundi likiwa na ramani yake hasara huwa ya kundi moja.

Nikilazimika kuchagua moja, kwa darasa la simu za kuazima nachukua uMap. Kwa shule ambayo imewapa wanafunzi wake wote akaunti za Google na ina chumba cha kompyuta, My Maps itawachukua muda mfupi zaidi kuizoea, na sioni sababu ya kuwahamisha.

OpenStreetMap: ramani inayobaki baada ya muhula

OpenStreetMap ilianzishwa Uingereza na Steve Coast mwaka 2004, nayo ni ya aina nyingine kabisa. Katika zana zilizotangulia mwanafunzi huweka vitu juu ya ramani ya mtu mwingine. Hapa anaichora ramani yenyewe, na alichokichora hutumiwa na yeyote duniani siku hiyohiyo.

Afrika Mashariki ina mifano mizuri ya kazi hii. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walianza kulichora eneo lao ambalo kwenye ramani za mtandaoni lilikuwa karibu tupu, kupitia mradi wa Map Kibera. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi walichora Tandale, na kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliendeleza kazi hiyo katika kata za Dar es Salaam zinazokumbwa na mafuriko, wanafunzi wa vyuo na wakazi wakitembea mtaa kwa mtaa. Kwa somo la Msimbazi hii ina maana kwamba mwanafunzi wangu anapoifungua OpenStreetMap hukuta mifereji na vichochoro ambavyo watu wa kwao waliviandika kwa miguu.

Vifaa vya kuchorea ni vingi. Kihariri cha iD hufunguka ndani ya kivinjari, na aliye na kompyuta anakizoea kwa kipindi kimoja. JOSM ni ya kompyuta na ni ya waliobobea. Kwa simu ya Android ninapendekeza StreetComplete, ambayo haimwambii mwanafunzi achore, bali humwuliza maswali madogo kuhusu vitu vilivyo karibu naye: barabara hii ni ya lami au ya vumbi, jengo hili lina ghorofa ngapi. Majibu yanaweza kukusanywa bila intaneti na kupelekwa baadaye. Kwa kutazama tu, Organic Maps hupakua ramani mara moja na baada ya hapo haihitaji bando. Kwa asiye na simu siku hiyo ipo Field Papers, inayochapisha ramani kwenye karatasi ili achore kwa kalamu, kisha karatasi hupigwa picha na kupandishwa mtandaoni iwe mwongozo wa kuchorea. Nimeitumia mara mbili, na mara zote mbili michoro ya kalamu ilikuwa na mambo mengi kuliko ya simu.

Ugumu upo. Aina za vitu huandikwa kwa tagi za Kiingereza, kwa mfano kichochoro cha miguu ni highway=footway, na mwanafunzi huhitaji orodha fupi ya tagi kumi hivi mezani. Kwenye picha ya setilaiti mabati ya nyumba za Vingunguti hugusana, na asiye mwangalifu huchora nyumba nane kama jengo moja kubwa. Majina hayaruhusiwi kunakiliwa kutoka Google Maps, kwa sababu za hakimiliki. Lazima yatoke kwenye kibao cha mtaani au kinywani mwa mkazi. Halafu makosa huonekana hadharani. Kijana mmoja aliupa mtaa jina lake mwenyewe, na kabla ya siku mbili kuisha mchoraji wa nchi nyingine alikuwa amelifuta na kumwandikia kwa adabu akiuliza chanzo cha jina hilo. Sikuhitaji kuongeza neno.

Kwa upande wa kusahihisha, hakuna zana inayonirahisishia kazi kama hii. Kila badiliko lina jina la mchoraji na saa yake, kwa hiyo kazi ya kundi haiwezi kubebwa na mtu mmoja bila mimi kujua. Wanafunzi wanatumia majina ya kubuni katika akaunti zao, nami nina orodha yao. Ila siwapi darasa zima zana hii. Nawapa wale wanaojitolea, kwa sababu ramani ya watu wote haipaswi kuwa daftari la mazoezi la mtu aliyelazimishwa.

StoryMaps, kwa ufupi

ArcGIS StoryMaps hutoka kwa Esri, kampuni ya Redlands, California, iliyoanzishwa mwaka 1969. Hupanga ramani, picha na maelezo katika ukurasa mmoja unaosomwa kwa kushuka chini, na kwa wasilisho la mwisho wa mradi haina mpinzani kwa urembo. Kwenye simu dhaifu kurasa zake hufunguka kwa kusuasua, na kazi ikikaa katika akaunti ya shule, leseni ikiisha kazi nayo huwa mashakani. Naitumia kwa maonyesho tu, baada ya ramani zenyewe kutengenezwa kwingine na kuhifadhiwa.

QGIS na ramani za zamani

QGIS, programu huria ya kuchanganua ramani iliyoanzishwa na Gary Sherman mwaka 2002, si zana ya mtandaoni kwa asili yake, na huenda msomaji akashangaa kuiona hapa. Nimeiweka kwa sababu ya mwanafunzi mwenye kompyuta na intaneti mbovu. Kuipakua kunahitaji bando nene, lakini ikishaingia, pamoja na data ambazo mwalimu amezipeleka kwa flashi, hufanya kazi bila mtandao kabisa. Ndiyo pekee kati ya hizi inayojibu kwa hesabu yale maswali yangu ya mwisho: ni majengo mangapi yaliyo ndani ya mita 100 kutoka mkondo wa mto, na eneo la chini ya mwinuko fulani lina ukubwa gani.

Pia ndiyo inayofichua jambo ambalo zana nyepesi hulificha. Ramani za topografia za Tanzania za skeli ya 1:50,000, zilezile zinazotumika kufundishia usomaji wa ramani, zimejengwa juu ya mfumo wa rejea wa kupimia latitudo na longitudo uitwao Arc 1960, ilhali GPS na ramani za mtandaoni hutumia WGS 84. Ukichukua namba kutoka kwenye ramani ya karatasi na kuziweka moja kwa moja kwenye Google Earth, alama huanguka takriban mita 300 kutoka mahali pake halisi. Kwa mlima hilo si kitu. Kwa nyumba iliyo kando ya mto ni tofauti ya kuwa ndani au nje ya mafuriko. QGIS hukuuliza namba zako ni za mfumo gani, na hukubadilishia. Kidato cha tatu nawaonyesha tu kwamba tofauti hiyo ipo. Wanaotaka kusomea upimaji wa ardhi au mipango miji nawapa zoezi zima, la kuitandaza ramani ya karatasi iliyoskaniwa juu ya picha ya setilaiti na kuzilinganisha kingo za mto.

Muhula huu nimezigawa hivi: Google Earth Pro kwenye kompyuta yangu kwa vipindi viwili vya kwanza, uMap kwa makundi ya wanafunzi wanne wanne kwa wiki tatu, OpenStreetMap kwa waliojitolea, na QGIS kwa wawili wa kidato cha nne wenye kompyuta. Kabla ya kutuma kiungo chochote, nazima Wi-Fi, nachukua simu ya bei ya chini kuliko zote nyumbani, nafungua kiungo kwa bando, nakaa uani na kuhesabu kimoyomoyo. Ikifika thelathini alama ya kwanza haijaonekana, narudi ndani kupunguza tabaka na picha hadi ionekane.